Jazi Isiyo Jazi: Juu ya Majina ya Bendi na Nyimbo Yanayompoteza Msomaji

Mtu akiichukua orodha ya bendi za dansi zilizopata sifa Tanganyika, na baadaye Tanzania, tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1970, ataliona neno moja likirudi tena na tena: Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz Band, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Nuta Jazz. Akivuka mpaka kuingia Kenya atakutana na Shirati Jazz na Victoria Jazz. Akielekea magharibi, kwenye mji ulioitwa Léopoldville na sasa Kinshasa, ataikuta African Jazz ya Joseph Kabasele iliyoanzishwa mwaka 1953, na O.K. Jazz ya mwaka 1956 ambayo Franco Luambo aliipatia sifa ulimwenguni. Msomaji ambaye hajapata kuzisikia bendi hizi atadhani kwamba zote zilipiga muziki ule wa watu weusi wa Marekani. Lakini akiiweka santuri juu ya gramafoni atasikia jambo jingine kabisa: magitaa mawili matatu yanayojibizana, saksafoni na tarumbeta zinazoitikia, tumba zinazokwenda mwendo wa rumba, na mwimbaji anayetoa mawaidha au kulalamikia mapenzi kwa Kiswahili, kwa Kiluo au kwa Kilingala.

Makusudi ya makala haya ni kuyachunguza majina ya namna hii, yaani majina ya bendi na ya nyimbo ambayo kwa sura yake yanaahidi kitu kimoja, na ndani yake mkawa na kitu kingine. Si jambo la mchezo. Watunga kamusi huyachukua majina haya kuwa ushahidi wa maana ya maneno. Watunza hifadhi huyatumia kupanga kanda na santuri. Wanahistoria huyatumia kueleza ni muziki gani uliotoka wapi ukafika wapi. Jina likisomwa vibaya, wote watatu hupotea, na pamoja nao hupotea heshima ya wanamuziki wenyewe, kwa sababu huhukumiwa kwa kazi ambayo hawakuikusudia.

Nitajaribu kuonyesha kwamba majina haya yana kanuni zake, nazo zaweza kuelezwa. Jina la bendi mara nyingi hutaja mambo manne: hadhi inayotafutwa, asili ya waanzilishi, mwenye mali, au kitu kilichopendwa na wasikilizaji wa wakati ule. Kuueleza muziki wenyewe ni kazi ambayo jina huifanya mara chache sana. Anayejua kanuni hizi hapotei.

1. Neno jazi na majirani zake

Tuanze na neno lenyewe. Hata huko Marekani halikuzaliwa ndani ya muziki. Maandishi ya kwanza yanayolionyesha ni magazeti ya California ya mwaka 1912 na 1913, nayo yalilitumia katika habari za mchezo wa besiboli kwa maana ya nguvu na uchangamfu. Lilihamia katika muziki huko Chicago kama mwaka 1915. Tena, bendi iliyotoa santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi, mwaka 1917, ilijiita Original Dixieland Jass Band. Neno la kwanza la jina hilo ladai kwamba hao ndio wa asili, ilhali wapigaji wake watano walikuwa Wazungu wa New Orleans, na muziki wa namna ile ulikuwa umekwisha kupigwa na watu weusi wa mji huo kabla yao. Basi bendi iliyotangulia katika ukoo huu wa majina ilikuwa tayari na jina la kupoteza.

Neno lilipovuka bahari baada ya Vita Kuu ya Kwanza, huko Ulaya liliitwa bendi yoyote ya dansi ya mtindo mpya. Kwa maana hiyo pana ndipo lilipofika pwani yetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, nayo ni katika bendi za kale kabisa zilizolichukua jina hilo hapa.

Sasa yatupasa kuuliza: neno hili lilikuja kuziba pengo gani? Kabla yake Waswahili walikuwa na ngoma za kila namna. Walikuwa na taarabu. Na tangu miaka ya 1890 walikuwa na beni, ngoma ile ya gwaride na matarumbeta ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Beni ilikuwa na majina yake ya ajabu. Vyama vya Marini na Arinoti vilienea Tanganyika, na Mombasa kulikuwa na mashindano ya Kingi na Skochi, wala hao Skochi hawakuwa na ukoo wowote na watu wa Scotland. Neno beni ni neno la Kiingereza la bendi lililoingia mapema na kushika sura ya Kibantu. Baadaye neno lilelile likaingia mara ya pili, likawa bendi. Mfano huu wa neno moja kuingia lugha mara mbili kwa sura mbili na maana mbili wafaa kuwekwa katika vitabu vya kufundishia.

Ulipotokea mchezo mpya wa kucheza ukumbini, mume na mke wakishikana, kwa gitaa, banjo, fidla na saksafoni, haukuweza kuitwa ngoma, wala taarabu, wala beni. Ukaitwa dansi, na kundi la wapigaji likaitwa jazi. Tukiyatazama maneno haya yakiwa pamoja, twaona kwamba jazi ilikuwa na maana dhahiri: kundi la wapigaji wenye ala za kisasa wanaopiga dansi ukumbini. Maana ya neno huamuliwa na mipaka inayowekewa na majirani zake ndani ya lugha inayolitumia, wala haiamuliwi na cheti chake cha kuzaliwa. Katika Kiswahili cha miaka ya 1930 hadi ya 1970, jirani za jazi zilikuwa ngoma, beni na taarabu. Jirani za jazz katika Kiingereza cha Marekani zilikuwa blues, ragtime na swing. Ni maneno mawili, ingawa mama yao ni mmoja.

Mtunga kamusi ana tahadhari nyingine ya kuchukua hapa. Kiswahili kina kitenzi -jazi, chenye asili ya Kiarabu, chenye maana ya kulipa thawabu, kama mtu asemapo, Mungu atakujazi. Hicho hakina uhusiano wowote na jazi ya ukumbini, na lazima maneno hayo yaingizwe mbalimbali.

2. Rumba, na jina lililopewa muziki usio wake

Ikiwa bendi hizi hazikupiga jazi ya Marekani, zilipiga nini? Wengi watajibu kwamba zilipiga rumba. Jibu hili ni sahihi kwa matumizi ya Afrika, lakini nalo limejengwa juu ya jina lililokosewa.

Huko Kuba rumba ni ngoma ya watu weusi wa Havana na Matanzas, ya sauti, tumba na vijiti, isiyo na gitaa wala tarumbeta. Muziki wa gitaa, tumba ndogo za bongo na tarumbeta, wenye kiitikio kinachorudiwa, waitwa son. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú ilirekodi mjini New York wimbo wa Moisés Simons uitwao El Manisero, maana yake muuza karanga, na Antonio Machín akauimba. Wimbo ule ulikuwa son, wa aina inayoiga mwito wa mchuuzi wa barabarani. Lakini kampuni ya santuri iliandika juu ya karatasi ya santuri kwamba ni rumba, kwa kuwa neno hilo lilikuwa jepesi kuuzika. Santuri ile ikauzwa kwa wingi, na tangu siku hizo rumba katika lugha za biashara ikawa jina la kila muziki wa Kuba wa kucheza.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri zenye alama za GV, nyingi kati yake zikiwa za Kuba. Wasikilizaji wa Léopoldville, wa Dar es Salaam, wa Tanga na wa Nairobi wakazipenda, wakaupokea muziki pamoja na jina lililobandikwa juu yake. Basi rumba ya Kongo, iliyowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, ilipata jina lake kutoka karatasi ya santuri, nayo karatasi ile ilikuwa imekosea. UNESCO hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuiingiza rumba ya Kuba mwaka 2016. Vitu viwili vina jina moja katika orodha moja, na sauti zao hazifanani.

Je, tuseme kwamba Wakongo wanakosea kuuita muziki wao rumba? La hasha. Kosa lilikuwa la mwuza santuri wa mwaka 1930. Neno lilipokwisha kupokewa na mamilioni ya watu kwa maana moja, likawa neno halali la lugha zao, kama jazi ilivyokuwa halali katika Kiswahili. Wako wanaosema kwamba asili ya neno rumba ni neno la Kikongo lenye maana ya kitovu, lililopelekwa Kuba na watumwa. Dai hilo halijathibitishwa kwa ushahidi wa lugha, wala halihitajiwi ili kuhalalisha jina. Matumizi yenyewe yatosha.

3. Majina ya mahali

Aina ya pili ya majina yanayopoteza ni yale yanayotaja mahali. Kilwa Jazz, iliyoongozwa na marehemu Ahmed Kipande, ilikuwa bendi ya Dar es Salaam. Western Jazz, iliyoanzishwa na Iddi Nhende mwaka 1959, nayo ilikuwa ya Dar es Salaam. Jina lake ni la Jimbo la Magharibi, alikotoka mwanzilishi, kwa mpango wa majimbo wa serikali ya kikoloni. Msomaji wa leo asiyejua kwamba palikuwa na jimbo la jina hilo atadhani kwamba Western ni nchi za Ulaya na Marekani, na atajenga hoja nzima juu ya kuiga Uzungu, ilhali jina lasema Nzega na Tabora.

Mfano wa Shirati Jazz ni mzuri zaidi. Shirati ni mji wa Tanzania, katika mkoa wa Mara, kando ya Ziwa Viktoria. Daniel Owino Misiani, aliyefariki mwaka 2006, alizaliwa katika sehemu hizo, lakini kazi yake yote kubwa aliifanya Kenya, akapiga muziki wa benga na kuimba zaidi kwa Kiluo. Basi jina lenye maneno mawili lapoteza mara mbili: anayetafuta bendi ya Tanzania haipati, na anayetafuta jazi haipati. Hata hivyo kila neno ni la kweli kwa kanuni yake. Shirati yasema mwanzilishi ni mtoto wa wapi. Jazz yasema kwamba hili ni kundi la magitaa la kisasa.

Katika miji yenye wageni wengi kanuni hii yaeleweka upesi. Watu waliohamia Dar es Salaam kutoka bara au kutoka pwani ya kusini walikutana na kusaidiana kwa mujibu wa kwao, na bendi ilikuwa moja ya mambo waliyoyafanya pamoja. Jina la mahali juu ya ngoma kubwa ya bendi lilikuwa mwaliko kwa watu wa kwao.  

Kuna pia mahali ambapo waanzilishi hawakutoka kabisa. Chama cha taarabu cha Dar es Salaam kilichojiita Egyptian Musical Club hakikuwa cha Wamisri. Jina lilitaja Misri kwa kuwa muziki wa Kairo, uliosikika kwa santuri na kwa filamu, ndio uliokuwa kipimo cha uzuri wa taarabu. Unguja, chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilichukua jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Hakuna atakayedhani kwamba wapiga udi wa Unguja walikuwa wakifundisha hesabu na falsafa ya Wayunani. Walitaka jina lenye adabu na elimu, wakalipata.

Lakini jina ninalotaka kulikazia zaidi ni Cuban Marimba. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki katika ajali mwaka 1965, alikuwa kwanza na bendi aliyoiita La Paloma, yaani njiwa kwa Kihispania, jina la wimbo mashuhuri wa Sebastián Iradier wa karne ya 19. Baadaye bendi yake ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Wanachama wake hawakuwa Wakuba, na sauti iliyotawala haikuwa ya marimba bali ya magitaa. Kwa kipimo cha kawaida jina hili lapoteza kwa kila neno lake.

Tulitazame tena kwa jicho la mwanaisimu. Neno marimba ni la Kibantu. Kiambishi chake cha ngeli bado chaonekana wazi. Lilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watumwa, likabaki katika lugha na ala za Marekani ya Kusini na ya Kati. Huko Kuba ala moja iliyotokana na asili hiyo, marímbula, yaani sanduku lenye vyuma vya kubonyeza kwa vidole, ilitumiwa kuwa besi katika son ya zamani. Basi son ilipofika Morogoro kwa santuri, na neno marimba likasimama pale karibu na neno la Kuba, neno la Kibantu lilikuwa limerudi katika nchi za Wabantu limevaa nguo za Kihispania. Jina linaloonekana kuwa la ovyo kuliko yote limebeba habari ya kweli kuliko yote. Kwa hiyo hatuwezi kuyatupa majina haya kwa kusema ni ya uongo. Yatupasa kuyauliza maswali yanayoyafaa.

4. Majina ya wenye mali

Aina ya tatu ni majina yanayomtaja mwenye bendi. Nuta Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilibeba jina la chama cha wafanyakazi NUTA kilichoundwa mwaka huohuo. Chama kilinunua ala, kikawaajiri wapigaji. Baada ya kuundwa Chama cha Mapinduzi mwaka 1977, jumuiya ya wafanyakazi ikabadilika kuwa JUWATA, na bendi ikawa Juwata Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jumuiya ikawa OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Sasa yajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mwenye kuhifadhi kanda asipoangalia ataandika bendi nne na kushangaa kwa nini sauti zao zinafanana. Historia ya jina hili ni historia ya vyama vya wafanyakazi. Historia ya muziki wake yataka daftari jingine.

Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua jina la ukumbi, na ilipohamia katika mikono ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam mwaka 1983 ikaongezewa herufi DDC. Na ile O.K. Jazz tuliyoitaja mwanzo, wasomaji wengi wa mbali huzifasiri herufi zake kama neno la Kiingereza la kukubali. Kumbe zatokana na baa ya O.K. iliyokuwa ya Oscar Kashama, na herufi ni za mwanzo wa majina yake mawili. Hapa neno la Kiingereza lenye maana nzuri lilisaidia tu jina la mtu lipendeze.

5. Sarufi ndani ya jina

Mwaka 1971 ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliingia Kenya wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika. Jina hili hufasiriwa kuwa simba wa nyika. Tazama lililotokea katika maandishi. Kihusishi wa kimeungana na nomino nyika, pakatokea umbo Wanyika, ambalo kwa sarufi ya Kiswahili lasomeka kuwa nomino ya wingi ya ngeli ya watu. Tena si neno tupu, kwa maana vitabu vya karne ya 19 viliwaita Wamijikenda kwa jina hilo, jina walilopewa na wengine na ambalo wenyewe hawalipendi. Msomaji wa kitaaluma aweza basi kudhani kwamba bendi hii ilikuwa ya Wamijikenda. Haikuwa.

Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitenga, wakaunda Les Wanyika. Hapo simba ameondoka, na kipande kilichobaki hakiwezi tena kusomwa wa nyika, kwa sababu hakuna nomino ya kutangulia kihusishi. Kimekuwa nomino kamili. Tena kimetanguliwa na kibainishi cha Kifaransa cha wingi, ambacho kwa bahati njema chapatana na kiambishi wa- cha Kiswahili. Mara wakatokea na Super Wanyika. Katika miaka michache kihusishi kimezaliwa upya kuwa kiambishi, na ukoo mzima wa bendi ukapata jina lake.

Kwa nini Kifaransa, ilhali nyimbo zilikuwa za Kiswahili na wapigaji hawakuwa wa nchi inayotumia Kifaransa? Nairobi ya miaka ya 1970 ilijaa bendi za Kikongo, na mojawapo ilikuwa Les Mangelepa ya mwaka 1976. Kibainishi les kilikuwa alama ya umahiri wa dansi, kama Jazz ilivyokuwa kwa kizazi kilichotangulia. Maana yake ya sarufi haikuwa na kazi tena; kazi yake ilikuwa hadhi.

6. Majina ya ngoma na ya nyimbo

Bendi za Tanzania zilikuwa na desturi ya kutangaza mtindo wake kwa jina maalumu. Western Jazz walikuwa na Saboso, Nuta walikuwa na Msondo, Mlimani walikuwa na Sikinde. Msondo kwa asili ni ngoma ndefu, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Asikilizaye nyimbo za bendi hizi akitafuta ngoma ile ndefu au uchezaji ule wa Uzaramoni hataupata, ila kwa chembechembe. Majina ya ngoma yalipandishwa juu ya magitaa ili watu wa mjini wajue kwamba muziki huu, ingawa ala zake ni za kigeni, ni wa kwao. Ukiweka Msondo baada ya Nuta Jazz, jina la kwanza laelekea ng'ambo na la pili laelekea nyumbani, na mpenzi wa muziki hakuona mgongano wowote.

Kuhusu nyimbo nitataja mfano mmoja tu unaojulikana kote duniani, nao ni Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William na baadaye na Miriam Makeba na wengine wengi. Asiyejua Kiswahili akiambiwa tafsiri ya kamusi ataudhania kuwa wimbo wa dini. Kumbe ni malalamiko ya kijana ambaye umaskini wamzuia kumwoa mpenzi wake. Na hata ajuaye Kiswahili apaswa kukumbuka kwamba neno malaika lina matumizi zaidi ya moja: kiumbe wa mbinguni, mtoto mchanga, hata vinyweleo laini vya mwilini. Ni matumizi ya mapenzi, yatokanayo na lile la kwanza, ndiyo yanayohusika hapa.

Mfano wa karibu zaidi ni Bongo Flava, jina la muziki wa vijana wa Tanzania tangu miaka ya 1990. Mgeni hudhani kwamba bongo ni tumba zile ndogo za Kuba. Kumbe ni bongo za kichwani: Dar es Salaam, na kisha Tanzania nzima, iliitwa Bongo kwa mzaha, kwamba haishiki huko asiyetumia akili. Na vijana haohao huuita wimbo wowote mpya ngoma, hata kama umetengenezwa wote kwa kompyuta. Neno limezunguka likarudi lilipoanzia.

7. Yatupasayo

Kutokana na mifano hii nadhani mambo matatu yafuata.

La kwanza ni la watunga kamusi. Neno jazi lastahili kuingizwa kwa maana zake mbili, kila moja na namba yake: kwanza, bendi ya dansi ya Afrika Mashariki na Kongo, hasa ya kabla ya miaka ya 1980, pili, muziki wa asili ya watu weusi wa Marekani. Maana ya kwanza isiwekwe alama ya kosa. Rumba nayo itendewe vivyo hivyo.

La pili ni la watunza hifadhi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizi kwa miaka mingi, na kanda zake zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania. Katika orodha ya hazina ya namna hiyo, jina la bendi liandikwe kama lilivyo, bila kusahihishwa. Lakini aina ya muziki, mji wa bendi, mmiliki wake na miaka ya jina hilo viandikwe kila kimoja mahali pake, kwa kusikiliza na kwa kuuliza. Kanda ikipangwa kwa neno lililo juu ya boksi tu, mtafiti wa jazi ataletewa dansi, na mtafiti wa dansi ataambiwa hakuna.

La tatu ni la wanahistoria, nalo ni zito kuliko yote. Mara nyingi imesemwa kwamba bendi zetu ziliiga za ng'ambo, na majina yao yametolewa kuwa ushahidi. Tumeona sasa kwamba ushahidi huo hautoshi. Waliojiita Jazz hawakujaribu kupiga jazi ya New Orleans wakashindwa. Walilichukua neno lililopatikana sokoni, wakalipa kazi ambayo Kiswahili kilikuwa kikiihitaji, kisha wakapiga muziki wao. Wazee wasema, jina jema hung'ara gizani. Jina la bendi lilitungwa ling'ae juu ya mlango wa ukumbi, limwite mpita njia aingie. Huko ndani alipewa muziki, na muziki huo ndio unaopasa kusikilizwa kabla ya hukumu kuandikwa.